Mwalimu, Nisaidie Kidogo

Nina jina la kuzaliwa na jina la ubatizo, lakini hapa mtaani Umoja, Nairobi, hakuna anayeyajua. Mama mboga, mlinzi wa lango, mwenye bodaboda wa pale kona, wote wananiita Mwalimu. Miaka ya kwanza nilikuwa nikifurahi, nikidhani ni heshima. Siku hizi nikisikia "Mwalimu!" nyuma yangu naongeza mwendo, maana neno hilo halitembei peke yake. Lina mkia: "nisaidie kidogo."

Jumamosi moja, saa kumi na mbili u nusu asubuhi, keyateka, mtunzaji wa ploti yetu, alinigongea mlango akiwa na karatasi na kalamu nene nyeusi. Mtu ana simu, ana mdomo, ana mikono miwili mizima, lakini tangazo la maji lazima liandikwe na Mwalimu kwa sababu "hati yako imenyooka." Nikaandika nikiwa na kanzu ya kulalia: MAJI YATARUDI KESHO. ASANTENI KWA SUBIRA. Akalibandika langoni.

Lilikaa pale wiki tatu. Kila asubuhi ukipita, maji yanarudi kesho. Na kwa kuwa ploti nzima inaijua hati yangu, lawama zikanifuata mimi. Watu watano walinisimamisha ngazini kuniuliza mbona nimefunga maji. Mama wa chumba cha nne aliniambia mbele ya watoto wake kwamba tangu nipate cheo nimebadilika. Cheo gani, jamani? Nami nilikuwa nimebeba mtungi wa lita 20 begani nikielekea orofa ya tatu, natoa jasho kama yeye.

Makosa ni yangu mwenyewe. Nilipokuwa mtoto kijijini, mwalimu wetu mkuu alikuwa na baiskeli, redio na koti ambalo hakulivua hata Januari. Barua ikitoka Nairobi ilipelekwa kwake aisome, kwa hivyo alijua nani kafutwa kazi na nani kaoa mke wa pili kabla ya wenye familia. Chifu akizungumza naye anavua kofia. Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi. Nikaenda chuo miaka miwili, nikatoka na cheti cha P1, cha kufundisha shule ya msingi, nikaajiriwa mwaka wa 1997. Kumbe nimefika baiskeli zimeisha. Kilichobaki ni zile barua za kusomea watu, nazo zimehamia kwenye simu. Mwenye bodaboda ananikabidhi yake nimsajili SHA, bima ya afya ya serikali, namba ya siri inachelewa kuingia, abiria wake anapiga mluzi, na mimi ndiye naambiwa niharakishe.

Oktoba ya mwaka huohuo wa 1997, kabla hata sijaizoea chaki, tukagoma. Serikali ikakubali kutuongezea mshahara kati ya asilimia 150 na 200, kwa awamu, ndani ya miaka mitano. Nilipozisikia tarakimu hizo nilimwandikia mama aanze kuulizia bei ya ng'ombe, mwanawe anataka kuoa. Awamu ya kwanza ikaja. Ya pili ikapotelea njiani, na 1998 tukarudi barabarani na matawi yetu. Mahari niliilipa hatimaye, kwa awamu vilevile, na baba mkwe, Mungu amrehemu, alizivumilia awamu zangu kuliko mimi nilivyozivumilia zao.

Ungedhani nilijifunza. Mwaka wa 2015 mahakama ikaamua tupewe nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Pesa hazikuja, tukagoma wiki tano, lakini mimi nilikuwa na hukumu mkononi na hukumu ni hukumu, si ndiyo? Nikaenda kwa fundi wa sofa Barabara ya Ngong nikalipa arubuni ya sofa la watu saba, rangi ya kahawia, mito bure. Novemba Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza yote. Nilirudi kwa fundi na uso wa msiba, tukajadiliana, nikatoka na la watu watatu. Hadi leo wageni wakizidi watatu nyumbani kwangu, mimi hukalia ndoo.

Pesilipu nayo huisoma kama majibu ya hospitali, naanzia chini. Ukianzia juu utadanganyika, maana juu pameandikwa mtu mwenye uwezo wake. Teremka sasa. Kodi ya mapato inamvua koti. Pensheni, asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, inamvua viatu. SHA inapita na asilimia 2.75, nyumba za bei nafuu na asilimia 1.5, na nikiziona nyumba hizo zikijengwa huwa nazipungia mkono kutoka kwenye matatu, kwani kuna tofali langu mahali fulani. Halafu chama cha walimu, halafu mkopo wa Sacco, halafu mkopo wa kulipia ule mkopo. Sheria inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Aliyeitunga namwombea maisha marefu. Bila yeye ningekuwa napokea karatasi pekee.

Na mtaala huu mpya umemletea mke wangu msamiati. Siku hizi hatusemi mtoto amefeli, tunasema yuko chini ya matarajio, au anakaribia matarajio. Mwisho wa mwezi nikimkabidhi pesa za nyumba anazihesabu polepole, ananitazama, anazihesabu tena. "Baba Imani," anasema, "unakaribia."

Wenzetu wa Turkana na Mandera wanapewa marupurupu ya mazingira magumu, na wanastahili, tena waongezwe. Sisi wa Nairobi tunahesabiwa kwamba tuko kwenye starehe. Natamani nimpate aliyekata shauri hilo nimsimamishe stendi ya kurudi Umoja saa moja jioni, mvua imeanza, nauli ya 60 imekuwa 150 kwa sababu ya wingu moja, makanga anamwambia "Mwalimu, kama huna ngojea la nyuma," na la nyuma halipo. Hayo magumu mengine ni yapi?

Lakini nisijifanye ndiye wa mwisho kwenye foleni. Meza ya jirani katika chumba cha walimu aliketi binti mmoja, mwalimu mwanagenzi, ana digrii ya hisabati na kemia, alikuja 2023 wakati Gredi ya Saba ilipoletwa kwenye shule zetu za msingi. Posho yake ilikuwa 20,000 kabla ya makato. Mei 2024 wenzake waligoma kudai ajira ya kudumu, akaenda nao, akarudi na viatu vimeachama. Wakati wa chai alikuwa akiuza nguo za watoto za mitumba kutoka kwenye droo, zimekunjwa vizuri kulingana na umri. Mimi nilikuwa mteja wake. Wa mkopo. Yaani mimi mwenye ajira ya kudumu na pensheni nilidaiwa na mwanagenzi, naye kila Ijumaa alinisalimu kwa adabu nyingi kuliko inavyohitajika.

Deni hilo angalau lilikuwa siri yetu wawili. La mama mboga ni somo. Daftari lake la madeni linaandikwa na bintiye, yuko Gredi ya Nne, darasani kwangu, na aliyemfundisha hati hiyo ni mimi. Ukurasa wangu una kichwa kimepigiwa mstari kwa rula: MWALIMU. Juzi niko ubaoni mbele ya watoto 64, nikatunga hesabu bila kufikiri. Mama ameuza sukuma ya 30 na nyanya za 40, mteja amelipa 50, anadaiwa ngapi? Binti akainua mkono, akasimama wima kama nilivyowazoesha.

"Ticha, za jana peke yake, ama na zile za wiki iliyopita?"

Darasa likatulia. Wale wa nyuma ambao hawajawahi kusikiliza hesabu tangu Gredi ya Kwanza wote wakakaa sawa. Nikamwambia aketi. Jibu lake lilikuwa zuri lakini, sikatai. Alikuwa anafikiria hatua ya pili kabla ya ya kwanza.

Kila Oktoba 5 tunayo siku yetu ya kimataifa, ipo tangu 1994. Mwaka jana nilipata jumbe kumi na moja za maua. Nne zilikuwa na mkia. Harusi wanataka mshereheshaji, matanga wanataka katibu, kanisa linataka mtu wa kusahihisha katiba. Kumbuka, katibu. Uweka hazina hawajawahi kunipa hata siku moja; huo anapewa mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Kinachonimaliza kabisa ni lile neno wito. Siku ya kufunga shule alikuja mheshimiwa mmoja, kachelewa saa mbili, watoto wamesimama juani wakamwimbia. Akashika kipaza sauti: "Ualimu ni wito!" Wazazi wakapiga makofi. Mimi nikatoa simu nione kama kuna wito uliopita bila kupokewa. Ulikuwepo mmoja, wa mwenye duka.

Hivi mbona fundi wa mabomba haambiwi kazi yake ni wito? Sinki letu liliziba mwezi jana nikamwita. Alilitazama, akavuta pumzi ndefu, akatikisa kichwa kama daktari. Nikasema, ngoja na mimi leo niitumie silaha yao.

"Fundi, nisaidie kidogo."

"Mwalimu," akanijibu kwa heshima zote, "kidogo ni 800."

Nikamlipa. Na sijui kwa nini mimi bei yangu haijawahi kunitoka mdomoni. Nadhani nina uoga. Ama labda ni kwa sababu ya mambo kama ya yule kijana wa chumba cha nne, mtoto wa yule mama wa cheo. Alifika Gredi ya Tatu akiwa hajui kusoma hata jina lake mwenyewe. Alikuwa na ujanja wa kukariri: ukimwonyesha picha ya ng'ombe atakusomea ukurasa mzima wa ng'ombe, hata kama chini pameandikwa habari za bahari. Mamake hakuniomba. Pengine ndiyo maana nilikubali. Mihula miwili tumeketi kwenye ngazi jioni, yeye na kitabu, mimi na chai yangu, stima ikipotea tunatumia mwanga wa simu. Ba, be, bi. Nilikata tamaa mara tatu, naye mara nyingi zaidi.

Sasa zile wiki tatu za tangazo la maji, jioni moja naingia langoni na mtungi wangu, namkuta amesimama mbele ya ile karatasi, kidole kiko juu ya herufi. "Ma-ji... ya-ta-ru-di... ke-sho." Akanyamaza. Akakunja uso. Akanigeukia.

"Ticha, kesho gani?"

Wapangaji 32, watu wazima, wengine wamefika chuo kikuu, hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Siukumbuki uzito wa ule mtungi siku hiyo. Nilifika orofa ya nne, nikagutuka naishi ya tatu.

Basi, Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili u nusu, mlango. Keyateka, karatasi, kalamu nene. "Mwalimu, nisaidie kidogo." Tukashuka hadi langoni, nikaegemeza karatasi ukutani, akaanza kunisomea maneno ya mwenye nyumba kutoka kwenye simu. Wapangaji wote wanajulishwa kwamba kodi itaongezeka kwa shilingi 1,500. Nikaandika. Nikafika kwenye herufi ya mwisho ya 'wote' ndipo nikauliza, hata mimi? "Hata wewe, Mwalimu. Malizia: kuanzia mwezi ujao."

Hapo shetani akanijia. Nikiandika MWEZI UJAO bila tarehe, ploti hii itaishi miaka mingi kwa kodi ya zamani. Kila mwezi utakuwa na ujao wake. Keyateka hatagundua, kesho ilimpita wiki tatu nzima. Nikaandika MWEZI UJAO kwa hati yangu nzuri kuliko zote, nikaweka nukta.

"Ticha." Kijana yuko kiunoni kwangu, na mswaki mdomoni, kidole kimeshafika kwenye karatasi. "Mwezi ujao gani?"

Nikaweka tarehe. Keyateka akabandika. Na kijana akarudi mwanzo akalisoma lote kwa sauti, hadi kwenye elfu moja na mia tano, mpaka milango ya ngazini ikaanza kufunguka na mamake akatoa kichwa kunitafuta. Hakukwama hata neno moja.