Huyo mteja wa keshi, nani amewahi kumuona?

Ijumaa jioni broka amempigia shemeji yangu simu. "Boss, kuna mtu mwingine ameipenda ile nyumba, ako na keshi, anataka kulipa Jumatatu. Ongeza laki tatu niongee na mwenyewe akushikie." Hii ni nyumba ya vyumba vitatu huko Kiamunyi, hapa Nakuru, bei walishaelewana kitambo, wakashikana mikono, hadi chai ya mwenye nyumba shemeji akakunywa. Na si yeye wa kwanza, hii hadithi nimeisikia Lanet, nimeisikia Ngata, dadangu aliambiwa hivyo hivyo Kisumu kule Mamboleo. Mteja wa keshi ako kila mahali. Hana jina, hana uso, kazi yake ni kutokea tu wakati wewe umeshaanza kuhesabu nyumba ni yako.

Wacha niseme mapema nisiitwe mchochezi: nyumba zinagombaniwa kweli. Tangu Nakuru iwe jiji Desemba 2021 kila mwenye ploti anaongea ni kama ako Westlands, hata ile ploti maji inaletwa na bauza. Watu wa majuu wanatuma pesa, wa Nairobi wanatafuta pa kustaafu, na mwenye mali ana haki ya kumuuzia anayetoa zaidi. Sawa, mali ni yake.

Bei ipande, lakini ipande nikiona. Saa hii unashindana na mtu hujui hata kama yupo, na anayekuapia kwamba yupo ndiye huyo huyo kamisheni yake inanona bei ikipanda. Enda soko la Lubao pale Kakamega, hata ukinunua mbwa, mwenye mnagombania naye unamwona kwa macho, unasikia ametoa ngapi, ukiona amepagawa unamwachia mbwa wake unaenda zako. Lakini nyumba ya mamilioni, jasho la miaka na mkopo wa Sacco ambao umetafutia wadhamini kama unaomba kura, hiyo tunanunua kwa "nimesikia kuna mtu".

Norway anayetaka nyumba anaandika bei yake, haisemwi kwa simu, na ukishanunua una haki ya kupewa orodha ya bei zote zilizotolewa. Yaani ukishuku ulipandishiwa na mzimu unaisoma mstari kwa mstari. Ontario kule Kanada, tangu Desemba 2023 muuzaji anaruhusiwa kuwaonyesha wanunuzi wote bei ambazo wenzao wametoa, bila majina, ingawa ni akitaka mwenyewe, na sijui muuzaji gani hutaka. Uingereza nao wanageukana dakika za mwisho vibaya sana, usidhani ni malaika, lakini angalau nyumba ikishauzwa bei inawekwa wazi, unaingia kwa intaneti unaona jirani aliuza ngapi, rekodi zinarudi hadi 1995. Hapa kwetu search ya ofisi ya ardhi itakuambia ardhi ni ya nani na kama benki imeishikilia. Nyumba ya jirani ilienda na ngapi utauliza nani? Broka. Yule yule.

Halafu kuna sheria. Mkataba wa ardhi haukusaidii kortini kama haujaandikwa, ukasainiwa na pande zote na kila sahihi ikawa na shahidi. Ni sheria nzuri, imeokoa mashamba ya wazee wengi ambao wangeuziwa kwa maneno ya kilabuni, siipingi. Lakini maana yake ni kwamba kule kushikana mikono kwenu ilikuwa salamu tu. Kuanzia siku mlipoelewana hadi siku mtakaa kwa wakili, mwenye nyumba hajafungwa na chochote, na mteja wa keshi anazaliwa katikati hapo. Broka anajua pesa yako ya Sacco bado inazunguka. Anajua umeshalipa ya kuonyeshwa nyumba, umeshaleta mama mkwe akaiona, mke ameshachagua pazia. Anajua huwezi kurudi nyumbani useme imeenda.

Shemeji aliongeza. Si laki tatu, aliongea ikashuka ikawa laki moja na nusu, na broka akamwambia ana bahati. Kama kulikuwa na mtu hatutawahi kujua, na hiyo ndiyo inaniuma kuliko hata pesa yenyewe.

(Na bado kuna ushuru wa stempu asilimia 4 juu yake, pamoja na muuzaji anayetaka kukuwekea kwa bei ile kodi ya KRA ya asilimia 15 ya faida, ambayo kisheria ni yake kulipa. Hiyo ni siku nyingine.)

Kwa hivyo mabroka wa Nakuru mnaosoma hii, na najua mnasoma juu mko kwa magrupu yote, sina vita na kamisheni yenu, mnatembea jua na kuna nyumba singejua zipo kama si nyinyi. Lakini mkinipigia na huyo mtu wenu wa keshi, leteni karatasi. Aandike bei, aweke tarehe, asaini, jina lake mfunike na kidole mkipiga picha, mtume kwa WhatsApp. Itachukua dakika tano. Kama ako na mamilioni mkononi hawezi kosa biro.