Wi-Fi ikitumika vibaya, lawama ni ya mwenye ruta?

Mei 2010, Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliyoko Karlsruhe iliamua kesi ya mtu ambaye Wi-Fi ya nyumbani kwake ilitumika kusambaza wimbo bila kibali, mwenyewe akiwa likizoni. Fidia hakutozwa. Lawama, hata hivyo, hakuikwepa: ruta aliiacha na nywila ya kiwandani.

Kwa haraka haraka, uamuzi huo una haki yake. Uzembe wa mtandao huumiza hata wasiohusika. TJX, kampuni ya maduka ya Marekani, ilitangaza mwaka 2007 kwamba imedukuliwa, na namba za kadi za wateja zilizoibwa zilipita milioni 45. Wezi walipenyea Wi-Fi ya duka iliyolindwa kwa WEP, ulinzi ambao watafiti walishauvunja tangu 2001. Hasara iliwafikia wateja na benki, watu wasiojua hata ruta hiyo ilikaa wapi. Anayetunza taarifa za watu kwa mtindo huo awajibishwe, tena bila huruma.

Lakini mwenye mkahawa si TJX. Yeye anamgawia mteja intaneti pamoja na kahawa, basi. Hofu ya kushtakiwa ilifanya Wi-Fi ya wazi iwe adimu Ujerumani, nchi yenye uwezo wote huo! Mwaka 2016, katika kesi ya McFadden, mwenye biashara wa Ujerumani aliyekuwa na Wi-Fi ya wazi, na Sony Music, kampuni ya muziki, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwenye biashara hadaiwi fidia kwa kosa la mgeni, ila anaweza kuamriwa aweke nywila, na anayeitaka ajitambulishe kwanza.

Hapo naona majaji waliitwisha nywila kazi isiyo yake. Kumzuia mtu asiingie si sawa na kumjua aliyeingia. Nywila ya mkahawa hubandikwa ukutani, na akiijua mmoja wameijua wote. Isitoshe, kwenye WPA2, ulinzi uliotawala miaka hiyo, mwenye nywila anayenasa mawimbi wakati simu ya mwenzake inajiunga anaweza kusoma mawasiliano yake, yale yasiyosimbwa na tovuti yenyewe. WPA3 ya mwaka 2018 ndiyo iliyoziba mwanya huo.

Mwaka 2017 Ujerumani ilibadili sheria. Mwenye Wi-Fi hadaiwi tena kwa kosa la mgeni. Mwenye hakimiliki anaweza tu kuomba maudhui fulani yazuiwe, na hilo nalo kwa masharti. Mgawanyo huo naukubali, mradi mtandao wa wageni utengwe na ule wenye mashine ya malipo, kamera na kompyuta za ofisi. Huo wa pili ndio unaostahili nywila ndefu, na WPS, njia ya mkato ya kuunganisha kifaa na ruta bila kuandika nywila, izimwe: mwaka 2011 ilibainika kuwa PIN yake ya tarakimu 8 hupatikana kwa majaribio yasiyozidi 11,000. Kuficha jina la mtandao, ujanja unaopendwa sana, hakumsumbui mdukuzi hata kidogo.