Je, Shule Ifute Dansi na Mechi Wakati wa Vita?

Kila mwaka, masika yanapofika, shule za sekondari za Marekani huandaa dansi ya kuwaaga wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mwaka 1943 maandalizi hayo yaligongana na Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Petroli ilikuwa ya mgao nchi nzima tangu Desemba 1942, sukari tangu Mei ya mwaka huo, na viatu tangu Februari 1943. Hata kitambaa cha magauni kiliwekewa mipaka na serikali. Zito kuliko yote, Novemba 1942 umri wa kuandikishwa jeshini kwa lazima ulishushwa kutoka miaka 20 hadi 18. Kwa hiyo mvulana wa mwaka wa mwisho alibakiwa na miezi michache tu kabla ya kupandishwa meli ya kwenda Pasifiki au Ulaya. Walimu, wazazi na wanafunzi wenyewe walilazimika kujiuliza: tucheze au tuache?

Naliona swali hilo kuwa zito, na sikubaliani na wanaolimaliza kwa sentensi moja, wawe wanasema "maisha lazima yaendelee" au "huu si wakati wa sherehe". Mimi nina upande wangu, na nitausema. Lakini upande wa pili una hoja, tena nzuri, na haki yake ni kusikilizwa kwanza.

Anayetaka dansi ifutwe anaanza na msiba. Katika mji wa watu 2,000 kila anayekufa anajulikana. Simu ya maandishi ikifika nyumba ya tatu kutoka shuleni, ikieleza kwamba kijana wao hatarudi, halafu Jumamosi hiyohiyo bendi ipige hadi usiku, mama aliyefiwa atasikia nini? Kwetu pia redio ya jirani huzimwa panapokuwa na matanga, wala hakuna anayehitaji kuelezwa sababu. Heshima ya aina hiyo ndiyo inayofanya mtaa uwe mtaa, na si jambo la kudharau hata kidogo.

Hoja yake ya pili ni mali na muda. Mpira wa matairi ulikuwa adimu kwa sababu Japani ilikuwa imeteka mashamba ya mpira ya Asia ya Kusini-Mashariki, hivyo kila basi lililobeba timu kwenda kucheza mji wa mbali lilikula tairi na mafuta. Shule nyingi zilifupisha ratiba za michezo au zikacheza na majirani tu. Na saa za mchana zilikuwa na kazi nyingine za kufanya.

Kazi hizo zilikuwa nyingi mno. Kuanzia 1942 Wizara ya Fedha ilizifanya shule kuwa vituo vya kuuza stempu za vita za senti 10 na senti 25. Mwanafunzi alibandika stempu kwenye kijitabu mpaka zifike dola 18.75, akakibadilisha kwa hati ya serikali ambayo ingelipwa dola 25 baada ya miaka 10. Msimu wa vuli wa 1942 madarasa yalitoka kukusanya vyuma chakavu, masufuria mabovu, mageti na vitanda vya chuma. Na mwaka 1944 ikaja kazi ninayoipenda kuliko zote. Maboya ya kujiokolea ya mabaharia na marubani yalikuwa yakijazwa sufi, ileile tunayoijua pwani kwa mito na magodoro, na sehemu kubwa ya sufi hiyo ilitoka Java, kisiwa ambacho sasa kilikuwa mikononi mwa Wajapani. Watoto wa shule wakatumwa mashambani na kandokando ya barabara kuchuma maganda ya mmea wa porini wenye nyuzi nyepesi zinazofanana na sufi. Waliambiwa kwamba magunia mawili yanaokoa maisha ya mtu mmoja, maana ndiyo yaliyotosha boya moja.

Nakiri hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya upande ule. Kijana wa miaka 15 ambaye kaka yake yuko baharini anataka kufanya kitu, na kuchuma ganda ambalo huenda likamshikilia mtu juu ya maji ni kitu kweli. Ukimpa dansi badala ya kazi hiyo, unamtukana. Wapo pia walioifanya kazi ileile huku nchi yao ikiwabagua. Katika majimbo ya kusini wanafunzi weusi walisoma katika shule zilizotengwa kwa mujibu wa sheria, nao wakanunua stempu na kukusanya vyuma kwa ajili ya vita vilivyoitwa vya uhuru.

Hata hivyo, serikali haikuishia kwenye maganda na stempu. Vuli ya 1942 Ofisi ya Elimu ya Marekani ilianzisha Kikosi cha Ushindi cha shule za sekondari, kikiwa na matawi ya anga, nchi kavu, bahari, uzalishaji na huduma kwa jamii. Shughuli za wanafunzi zilitakiwa kuelekea huko: hesabu za urubani, mazoezi ya viungo, beji na magwaride. Kufikia 1944 kikosi kilikuwa kimekwisha, huku vita bado ni vikali. Nionavyo, kilikosa kile ambacho dansi na mechi zilikuwa nacho. Kilibuniwa na watu wazima kwa ajili ya haja za watu wazima, na kijana aliyetaka kuitumikia vita moja kwa moja alikuwa na njia fupi zaidi kuliko beji. Angeweza kwenda kiwandani.

Nao walikwenda. Idadi ya wanafunzi wa sekondari ilipungua kwa zaidi ya milioni moja kati ya 1941 na 1944, na vijana wenye umri wa miaka 14 hadi 17 waliokuwa kazini walikaribia milioni 3. Kiwanda kililipa, duka lililopoteza wafanyakazi wake jeshini lililipa, shamba lililipa. Wakubwa wakashtuka. Mwaka 1943, na tena 1944, Ofisi ya Elimu pamoja na Idara ya Watoto ziliendesha kampeni ya kuwasihi vijana warudi darasani. Hapo ndipo msimamo wa kufuta sherehe unapoanza kulegea. Shule ikigeuzwa kuwa mahali pa kazi tu, inashindana na kiwanda kwa masharti ya kiwanda, na haina mshahara wa kutoa. Ilicho nacho peke yake ni mambo mawili: elimu, na wenzako. Kijana wa miaka 16 huvutwa zaidi na hilo la pili, hata kama walimu hatupendi kulisema kwa sauti. Timu, kwaya, gazeti la shule, mchezo wa kuigiza na dansi ya Mei ndivyo vilivyokuwa vikimshika mtoto asiondoke. Anayevifuta kwa ajili ya heshima anapaswa pia kuwahesabu watakaotoka mlangoni.

Lakini mfano unaonisumbua zaidi uko kwingine, nyuma ya seng'enge. Baada ya amri ya Rais Roosevelt ya tarehe 19 Februari 1942, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani waliondolewa makwao katika pwani ya magharibi na kuwekwa kambini. Theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Kambi kubwa zilikuwa 10, na vuli ya 1942 shule zilianza kufunguliwa ndani yake, katika mabanda. Manzanar, kwenye jangwa la California, wanafunzi walianza masomo wakiwa wamekaa sakafuni kwa kukosa viti. Waliikariri ahadi kwa bendera, yenye maneno ya uhuru na haki kwa wote, huku mlinzi mwenye bunduki akiwa mnarani.

Na katika shule hizo kulikuwa na kila kitu: viongozi wa darasa waliochaguliwa kwa kura, timu, mahafali, dansi kwenye kumbi za kulia chakula. Manzanar ilikuwa na bendi ya dansi iliyojiita Jive Bombers. Heart Mountain, Wyoming, ilikuwa na timu ya futiboli ya Kimarekani iliyopoteza mchezo mmoja tu msimu wa 1944. Katika kambi ya Gila River, Arizona, kocha Kenichi Zenimura aliwaongoza watu kujenga uwanja wa besiboli kwenye jangwa tupu, na tarehe 18 Aprili 1945 vijana wa Shule ya Butte ya kambini waliwafunga mabingwa wa jimbo, Tucson, 11 kwa 10 baada ya mchezo kurefushwa.

Sasa mtu aniambie hiyo ilikuwa nini. Wako wanaosema ulikuwa urembo juu ya dhuluma, na nawaelewa kabisa. Serikali ilipenda picha za vijana wanaotabasamu kambini, kwa sababu zilionyesha umma kwamba mambo si mabaya. Mpiga picha Dorothea Lange, aliyeajiriwa na serikali hiyohiyo mwaka 1942, alirudi na picha za familia zikisubiri mabasi, zimefungwa vibandiko vya namba kama mizigo, na jeshi likazizuia nyingi zake mpaka vita vikaisha. Picha ya dansi ilipita, picha ya kibandiko ikazuiwa. Hiyo inatosha kuonyesha furaha ya mwanafunzi inaweza kufanyishwa kazi gani na mtu mwingine. Na hapohapo Heart Mountain, penye timu nzuri, vijana 63 walihukumiwa kifungo mwaka 1944 kwa kukataa kuandikishwa jeshini wakati familia zao zimefungwa. Huko Manzanar, usiku wa tarehe 6 Desemba 1942, askari walifyatulia risasi umati, na mmoja wa wawili waliokufa alikuwa na miaka 17. Ni umri wa dansi.

Pamoja na hayo yote siwezi kukubali kwamba wale vijana walipaswa kukaa kimya mabandani ili dhuluma ionekane wazi zaidi kwa watu wa nje. Hilo lingekuwa kuwatumia mara ya pili. Na wao wenyewe hawakuwa wajinga wa mahali walipo. Manzanar alikuwapo mpiga picha Toyo Miyatake, aliyeingiza lenzi kwa siri na kutengenezewa kamera ya boksi la mbao, kwa kuwa kamera zilikatazwa kwa wafungwa. Kitabu cha mwaka cha shule cha 1945, kile ambacho kila mhitimu huondoka nacho kikiwa na picha za wenzake, kiliweka ndani yake picha aliyoipiga: mkono umeshika koleo la kukatia waya mbele ya seng'enge, na nyuma yake mnara wa walinzi. Picha hiyo imo katika kitabu kimoja na sura za wanafunzi wenzao na kumbukumbu za mwaka wao wa mwisho. Walicheza, na wakasema waliko. Sioni mgongano.

Hapo ndipo ninapoweka sharti langu. Shughuli ya wanafunzi wakati wa vita naitetea ikiwa wanafunzi wenyewe wanaimiliki, ikiwa haimlazimishi aliyefiwa kushangilia, na ikiwa haifuti habari ya yanayotokea nje ya ukumbi. Gwaride lililopangwa na ofisi ya mbali silitetei, hata kama linapendeza. Wala sitetei sherehe iliyoandaliwa ili mgeni mwenye kamera aone kwamba watoto wana raha. Kuhusu mama mwenye msiba, nadhani wanafunzi wa mtaa wake, wakiachiwa waamue, watajua kusogeza tarehe kuliko mkuu wa wilaya. Walimfahamu marehemu. Huenda walikaa naye dawati moja.

Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna haja ya kwenda Arizona kulipata swali hili. Nchini Kongo, anayefaulu mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari humwagiwa poda nyeupe kichwani na mabegani, akapitishwa mtaani huku nyumba nzima ikiimba. Je, poda hiyo imwagwe katika mji ulioshikwa na waasi, ambapo mtaa wa pili wamezika? Wapo watakaosema wangoje amani, na wanasema kwa nia njema.

Kungoja ndiko kunakonishinda. Mtoto aliyezaliwa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2008 alikuwa na miaka 3 au 4 waasi wa M23 walipouteka mji huo Novemba 2012. Alikuwa na miaka 12 au 13 Mlima Nyiragongo ulipolipuka Mei 2021 na watu wakakimbia na magodoro vichwani. Januari 2025, M23 walipoingia tena na shule zikafungwa, alikuwa na miaka 16 au 17. Kambi ya Gila ilifungwa Novemba 1945, na aliyeingia humo na miaka 14 aliondoka akiwa na 17. Huyu wa Goma hajapata hata tarehe ya vita vyake kwisha. Ukimwambia aahirishe mpira, kwaya na poda mpaka vita viishe, mwambie pia ni mwaka gani.