Vali Imefunguka, Boila Haina Habari
Kinachoniudhi katika nyumba hizi za Uingereza si baridi ya Januari, bali ni vali ya kanda (vali ya umeme inayohudumia sehemu moja ya nyumba) inayofungua njia ya maji moto kikamilifu huku swichi ndogo iliyomo ndani yake, ambayo ndiyo huiamuru boila, kifaa kinachopasha moto maji ya mfumo, iwake kupitia waya wa rangi ya chungwa, ikiwa imekufa kimyakimya. Thamostati, kidhibiti cha joto la chumba, inaita joto, mota inanguruma, wenzo wa pembeni unalegea kuonyesha kwamba vali iko wazi, na bado rejeta za ukutani hazipati joto. Fundi naye, badala ya kupima kwanza kama volti 230 zinafika kwenye waya huo, anakimbilia kuilaumu boila, kifaa ghali kuliko vyote! Vali nyingi hubadilishwa kichwa peke yake, yaani sehemu yenye mota na swichi, umeme ukishazimwa, bila kumwaga maji ya mfumo, lakini hilo halikutajwa popote katika makadirio ya gharama aliyoniandikia.