Pweza Aliyefika Majengo

Kila mtu wa nyumbani anayejua kwamba naishi Uingereza anaamini nina vitu viwili: pesa na intaneti. Ya pesa tuyaache. Intaneti ninayo, na ndiyo maana binamu yangu wa Pumwani hunitumia ujumbe wa sauti kila mwezi: "Kaka, umeona nini kipya? Nipe dokumentari kali. Usinipe za simba."

Nimekuwa nikimjibu kwa majina mawili matatu na kuendelea na shughuli zangu. Sasa nimerudi Leeds baada ya likizo ya wiki tano nyumbani, mtaa wa Majengo, Pumwani hiyo hiyo ya Nairobi, na nimegundua kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nampa mapendekezo ya mtu anayeishi peke yake.

Kazi yangu ni kutunza wazee, zamu za usiku. Nikiingia asubuhi wenzangu wa nyumba ndio wanatoka, tunapishana mlangoni na salamu ya nusu sentensi. Nafunga pazia, naweka hedifoni, nachagua filamu. Hakuna anayepita mbele ya skrini, hakuna anayeuliza huyu ni nani na yule amefanya nini. Ikiisha, Netflix inaniletea nyingine kabla sijaiwaza ya kwanza. Nimeona dokumentari nyingi sana kwa namna hiyo, na nikiulizwa leo nisimulie kumi kati yake, nitakwama kwenye ya tatu.

Majengo ni mambo mengine. Sebule ya Mama Mkubwa ina televisheni ya inchi 32, kiti kimoja ambacho ni chake na hakikaliwi na mtu, na mkeka wa wengine wote. Jioni ya kwanza tulikuwa saba. Nikaweka My Octopus Teacher, ile ya 2020 iliyotwaa Oscar mwaka uliofuata. Craig Foster, mzungu wa Afrika Kusini, anapiga mbizi baharini karibu na Cape Town, kwenye msitu wa mwani na maji ya baridi kali, bila suti ya mpira, na anamfuata pweza mmoja siku baada ya siku kwa karibu mwaka mzima. Dakika 85. Leeds niliitazama kwa dakika 85. Majengo ilituchukua karibu saa tatu.

Mama Mkubwa alizaliwa Mombasa, Kuze, na Kimvita chake hakijaguswa na Nairobi ingawa ameishi huku zaidi ya miaka 40. Dakika ya kumi akauliza, "Yuwamfuata kila siku?"

Nikamwambia ndiyo, kila siku.

"Na hamli?"

"Hamli, Mama. Wamekuwa marafiki."

Akanitazama kama mtu niliyerudi na ugonjwa. "Huyo pweza angepita Kuze, saa hii ni mchuzi wa nazi."

Watu wakacheka mpaka tukarudisha filamu nyuma. Halafu akaja papa. Hapo binamu yangu akasimama mkekani akaishusha sauti ya televisheni na kuanza kutangaza kwa mtindo wa DJ Afro, yule bwana ambaye kwa miaka mingi amezitia sinema za kigeni Kiswahili cha mtaani, akizungumza juu ya sauti ya filamu yenyewe. Kila aliyekulia Nairobi akiingia kibanda cha video anajua mdundo ule. "Papa anaingia bomani bila kubisha hodi! Pweza anasema leo sina mgeni!" Papa alipoondoka na mkono mmoja wa pweza, watoto walipiga mayowe. Leeds, sehemu hiyo hiyo, nakumbuka nilikuwa nakula tosti.

Kisha stima zikakata. Tokeni zilikuwa zimeisha na hakuna aliyeangalia mita. Leeds bili ya umeme hujitoa yenyewe benki kila mwezi, mita iko kwenye kabati ambalo sijalifungua tangu nihamie. Hapa binamu alinunua kwa M-Pesa, mimi nikamulika kwa simu, na mtoto wa darasa la nne akasoma tarakimu 20 kwa sauti, nne nne, huku kila mtu akizirudia kama dua. Tulikosea ya kumi na saba. Tukaanza upya.

Katika giza lile ndipo Mama Mkubwa alipoanza kusimulia. Baba yake alikuwa akienda mwambani maji yakitoka, na chuma chenye ncha, na naye akimfuata nyuma na kikapu. Alituambia pweza hujifanya jiwe, rangi na mikunjo, na kwamba njia ya kumjua ni kutafuta magamba ya kaa na kome yaliyotupwa nje ya tundu lake, maana pweza akila hafagii mbali. Alituambia anavyopigwa mwambani ili nyama ilainike. Alisema siku moja pweza mdogo alimshika kifundo cha mkono na baba yake hakumtoa upesi, alimwambia atulie, amsikie anavyoonja ngozi. Mambo hayo karibu yote yamo ndani ya filamu ya Foster. Mimi nilikuwa nimeyasikia kwa Kiingereza, kutoka kwa mgeni, kilomita elfu kadhaa kutoka kwa dada mkubwa wa mama yangu aliyekuwa akiyajua tangu utotoni. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Hata mimi.

Stima ziliporudi tukaendelea, na mwisho unajulikana: pweza jike akishataga hutulia na mayai yake, nguvu zinamwisha, watoto wanaanguliwa naye anakufa. Mama Mkubwa hakusema kitu. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa leso, akasema kesho tuwashe mapema.

Kwa hiyo, binamu, orodha yako ni hii, lakini nitakwambia na namna ya kuitazama.

The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King. Kijana anaitwa Karisa, anaishi Mombasa, anapata habari kwamba nyanya yake kijijini Kilifi ameitwa mchawi, na waliomwita hivyo ni wa ukoo wake mwenyewe. Anarudi nyumbani kuuliza. Kenya iliipeleka filamu hii kuwania Oscar ya filamu za kimataifa, awamu ya 2021. Watu wanazungumza Kiswahili na Kigiriama, maandishi ya chini ni Kiingereza. Nilipoitazama Leeds nilijikuta nasoma Kiingereza huku masikio yangu yanasikia Kiswahili, na kwa aibu nakiri kwamba macho ndiyo yalishinda. Nyumbani Mama Mkubwa hakusoma herufi moja. Alikuwa anacheka kabla ya maandishi kutokea na kunyamaza kabla hayajatokea, kwa sababu alisikia kauli zenyewe: mzee anavyozunguka jambo, mjomba anavyojibu swali kwa swali. Filamu haijafika hata nusu akasema, "Si uchawi huo. Ni shamba." Ndipo filamu nayo ikaanza kuelekea huko, kwenye ardhi. Hiyo itazame na mtu mwenye mvi, tafadhali, na umwachie yeye rimoti.

Softie ya Sam Soko itazame na watu wa rika lako, na mjiandae kugombana. Ni Boniface Mwangi, mpiga picha aliyezunguka na kamera wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, akageuka mwanaharakati, na mwaka 2017 akawania ubunge wa Starehe, jirani zetu hapo. Watu husema ni filamu ya siasa. Kwangu ni filamu ya mke wake, Njeri. Kuna vitisho, na inafika mahali yeye na watoto wanaondoka kwenda Marekani huku mume amebaki kufanya kampeni. Mimi niliyeondoka bila mtu kunitisha niliitazama sehemu hiyo nimejikunyata. Binamu yangu aliona Mwangi ana haki, mke wa binamu akasema nchi haina mke wala watoto wa kulisha, na chai ikapoa. Leeds ningebishana na nani? Mwenzangu wa nyumba kutoka Zimbabwe ni mtu mwema, lakini hajui Starehe iko wapi.

Na hapa nina lalamiko langu. Softie ilionekana kwanza Utah, Marekani, kwenye tamasha la filamu la Sundance, Januari 2020. Nairobi iliingia sinema Oktoba. Najua sababu: matamasha ndiyo yanayoleta wanunuzi, na filamu inalipwa na fedha za ng'ambo, basi lazima ianze kuonyeshwa kwa aliyelipa. Siwalaumu watengenezaji, kodi ya nyumba hailipwi kwa uzalendo. Lakini matokeo ni kwamba mimi niliyehama naona Nairobi kabla ya aliyebaki Nairobi. Ikishuka mtandaoni, mwenye kadi ya benki na bando lisiloisha anaipata, na mwenye kununua bando la saa moja haipati. Kati ya 2021 na Novemba 2023 Netflix ilikuwa na mpango wa bure Kenya, kwa simu za Android, bila kulipa wala kuandika namba ya kadi. Binamu aliuzoea. Ulipofungwa akarudi kwa kijana wa duka la sinema, anayejaza flashi kwa bei ya soda. Sijui nimwambie nini hapo. Mimi mwenyewe huku, hata kutazama huduma ya mtandaoni ya shirika la utangazaji la taifa, lazima niwe na leseni ya televisheni, iliyokuwa pauni 174.50 kwa mwaka kuanzia Aprili 2025. Nilipomwambia Mama Mkubwa kwamba Uingereza watu hulipia ruhusa ya kuwa na kipindi nyumbani mwao, alidhani namtania.

Kipchoge: The Last Milestone ni ya kila mtu, sina mengi. Jumamosi ile ya Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni Vienna chini ya saa mbili, kwa 1:59:40, nilikuwa bado Nairobi, nimesimama mbele ya duka la televisheni na watu nisiowajua, na mwanamume mmoja mwenye mkokoteni wa viazi alinikumbatia. Filamu ni nzuri. Mkokoteni ule haumo.

Sasa za wanyama, maana najua umezikataa. Mwenzangu mwingine wa nyumba ni nesi kutoka Kerala, naye ndiye aliyenikalisha nitazame The Elephant Whisperers, filamu fupi ya India iliyoshinda Oscar 2023: mume na mke wanaolea ndovu mchanga yatima, Raghu, kusini mwa nchi yao. Dakika kama 40 tu. Alilia waziwazi, kisha akanigeukia. "Si hata kwenu Nairobi mna ndovu yatima?" Nikajibu tunao, kwa Sheldrick, kituo cha kulea ndovu yatima ndani ya Mbuga ya Nairobi. "Umeenda mara ngapi?"

Sijawahi. Mbuga yenyewe ipo tangu 1946, kutoka Majengo ni safari ya matatu mbili, na simba wangu wa kwanza wasio na wavu nimewaona kwenye kioo cha Leeds. Kwa mtoto wa Eastlands mbuga ilikuwa kitu cha watalii na shule za kibinafsi. Safari hii niliwachukua watoto wa binamu hadi kwa Sheldrick. Lazima uweke nafasi mapema, na wanafungua kwa muda wa saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana. Ndovu wanakuja mbio kwenye chupa zao za maziwa kama watoto wa chekechea kengele ikilia. Mtoto wa darasa la nne, yule wa tokeni, aliwatazama dakika tano, halafu akamwona ngiri akipita na mkia juu kama antena, na hapo ndovu wakaisha.

Si kila filamu inataka kelele, nakubali. Virunga ya 2014, ya askari wa mbuga Kongo, niliitazama peke yangu na nilishukuru giza. Leeds inafaa kwa hiyo. Unaweza kukaa na jambo zito na mtu asikuulize kama utakula wali.

Ninayoingojea ni How to Build a Library, ya wale wale waliotengeneza The Letter. Ni ya Maktaba ya McMillan, pale mjini kwenye simba wa mawe, iliyofunguliwa 1931 kwa wazungu pekee, na ya Wanjiru Koinange na Angela Wachuka wanavyohangaika kuifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Makadara ndiko nilikosoma nikingoja matokeo ya kidato cha nne, kwenye meza yenye mguu uliofungwa kwa waya. Sundance wameshaiona, Januari 2025. Mguu wa meza sijui kama umo.

Jana usiku nikiwa zamuni simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa sauti wa Mama Mkubwa, wa dakika nne, tatu za kwanza zikiwa salamu na majina ya wote wanaonisalimu. Mwishoni akasema amesikia nangoja filamu ya maktaba, basi nisiitazame huko. Nije nayo. Na nikipata nyingine ya pweza nije nayo pia, lakini ya watu wanaojua kumpika.