Difu ya 4.1 au ya 3.9? Mzigo ndio uamue

Mwenye Land Cruiser pikapu ya injini ya 1HZ, ile tunayoiita mkonga, akifika gereji kulalamikia mafuta, mara nyingi atapewa ushauri huu: toa difu (gia za kwenye ekseli zinazopeleka nguvu magurudumuni) ya 4.1, weka ya 3.9, injini itatulia na mafuta yatapungua. Hautolewi na watu wasiojua kazi. Una hoja ndani yake, na kwa baadhi ya magari ni sahihi kabisa. Kinachonisumbua ni kwamba unatolewa kwa kila mtu, awe anayekimbia lami akiwa na abiria wawili au anayepandisha saruji na mabati kutoka Mombo kwenda Lushoto. Huyu wa pili anauziwa dawa ya ugonjwa ambao hana.

Kwa asiyezoea namba hizi: difu ya 4.1 ina pinioni (gia ndogo) ya meno 10 na krauni (gia kubwa) ya meno 41, hivyo propela shafti, mhimili unaoleta nguvu kutoka gia boksi, huzunguka mara nne na kidogo ili gurudumu lizunguke mara moja. Ya 3.9 ni meno 11 kwa 43. Namba ikiwa kubwa, gari linavuta zaidi na injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Namba ikiwa ndogo, ni kinyume chake.

Hoja ya namba ndogo ni ya kweli na inastahili kusemwa vizuri. Injini ya dizeli hutumia mafuta kwa ufanisi zaidi inapozunguka taratibu huku ikiwa na kazi ya kutosha, kuliko inapozunguka haraka bila kazi. Toyota wenyewe waliipa pikapu ya V8 ya lita 4.5 difu ya 3.9, na walikuwa na sababu: injini ile ina turbo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, na inatoa nguvu ya msokoto ya niutoni-mita 430 kuanzia mizunguko 1,200 kwa dakika, kwa hiyo haihitaji kusaidiwa sana na difu. Halafu kuna uimara. Kadiri namba inavyopanda, pinioni inakuwa na meno machache na umbo jembamba, na injini yenye nguvu nyingi inaweza kuyavunja meno hayo. Kama gari lako ni la turbo, halina mzigo mara nyingi, na kazi yake ni lami iliyonyooka kama ile ya Nzega hadi Shinyanga, sina la kubishana nawe. Weka 3.9.

1HZ ni injini ya namna nyingine. Ni lita 4.2, silinda sita, haina turbo. Nguvu yake ya msokoto ni niutoni-mita 285, na inafika hapo kwenye mizunguko 2,200. Chini ya hapo inavuta, lakini haina akiba kubwa. Na hapa ndipo penye hesabu ambayo ningependa kila mwenye pikapu aifanye kabla ya kutoa hela.

Gia ya tano ya gari hili ina uwiano wa karibu 0.88. Ya nne ni moja kwa moja, yaani 1.00. Chukua matairi ya 7.50R16, mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Ukiwa na difu ya 4.1 kwenye gia ya tano, injini inazunguka karibu mara 1,970 kwa dakika. Ukiwa na 3.9 kwenye gia hiyohiyo ya tano, ni karibu 1,870. Umeokoa mizunguko mia moja, sawa na asilimia tano. Hiyo ndiyo faida yote inayotangazwa, na ipo.

Sasa pakia tani moja na ukutane na kilima cha kawaida, si mlima mkali kama Kitonga, kile tu cha kupanda dakika tatu na kushuka. Mwenye 4.1 yuko karibu na pale injini yake inapovuta vizuri, na mara nyingi atapita akiwa bado kwenye ya tano. Mwenye 3.9 yuko mizunguko mia moja chini zaidi na ana nguvu pungufu kwa asilimia tano kwenye magurudumu. Injini inaanza kuzama, anarudi gia ya nne. Kwenye gia ya nne na difu ya 3.9, kwa kilomita 80, injini yake inazunguka karibu mara 2,130. Irudie hesabu hiyo polepole: aliyebadilisha difu ili injini itulie sasa anazungusha injini mara 160 zaidi kila dakika kuliko jirani yake ambaye hakubadilisha kitu, kwa mwendo uleule, kwenye kilima kilekile.

Mtu atasema anarudi ya nne kwa muda mfupi tu. Kwenye barabara tambarare, ndiyo. Lakini tazama safari zetu zilivyo. Barabara kuu inapita vijijini, na kila kijiji kina kibao cha 50, na karibu na kibao huwepo trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo. Unashuka hadi 50, unatoka kijijini, unaanza kupandisha mwendo upya ukiwa na mzigo. Kila mara gia ya tano inachelewa kuingia kwa aliye na 3.9. Wapo madereva wa kubeba mzigo ambao baada ya mabadiliko hayo gia ya tano imebaki kuwa ya kurudia nyumbani gari likiwa tupu. Wamelipia gia ambayo hawaitumii siku wanayohitaji mafuta yaende mbali.

Na asiporudi gia, ndipo pabaya zaidi. Dereva anayeng'ang'ania ya tano huku amekanyaga mafuta hadi chini anaichomea injini dizeli ambayo haipati hewa ya kutosha kuungua yote. Moshi mweusi unaoonekana nyuma ni mafuta yaliyolipiwa na hayakufanya kazi. Joto linapanda huku pampu ya maji na feni vikizunguka taratibu, maana vyote hivyo vinazungushwa na injini ileile iliyozama. Gari linachemsha. Likichemsha mara kwa mara, silinda hedi inapinda au gasketi inaungua, na gharama ya kazi hiyo inameza akiba ya mafuta ya muda mrefu sana. Klachi nayo inaumia: kuondoka mlimani na mzigo kwa difu ya namba ndogo kunataka kuiburuza zaidi kila mara.

Mteremko husahaulika kabisa katika mjadala huu. Pikapu inayopanda Lushoto na saruji inashuka na viazi na kabichi. Kwa gia ileile na mwendo uleule, difu ya 4.3, namba kubwa zaidi ya 4.1, inafanya injini izuie gari kwa karibu asilimia kumi zaidi ya 3.9. Kwenye kona za Usambara au kushuka Kitonga, hiyo ni kazi ambayo breki hazitalazimika kuifanya, na breki zisizochoka ni uhai wa watu. Ningeiweka sababu hii mbele ya mafuta.

Wanaouza gari moja likiwa na difu za kuchagua wanalijua hili. Marekani, Ram 3500 ya dizeli ya Cummins imekuwa ikiuzwa na 3.42, 3.73 au 4.10, na uwezo mkubwa zaidi wa kuvuta huandikwa kwa ile ya 4.10. Hiyo ni injini ya lita 6.7 yenye turbo. Kama yenyewe inahitaji namba kubwa inapopewa kazi nzito, sioni kwa nini 1HZ isiyo na turbo iambiwe haihitaji.

Kuna kundi jingine ambalo tayari limebadilisha difu bila kujua: waliofunga matairi makubwa. Kutoka 7.50R16, ambayo ina kipenyo cha karibu sentimita 80, kwenda tairi la inchi 33, difu yako ya 4.1 inafanya kazi kama iliyokaribia 3.9. Ukienda inchi 35, uko kama 3.7. Wengi wanaolalamika kwamba gari limepoteza nguvu na fundi amesafisha nozeli mara mbili bila mafanikio, wangeanza kwa kupima matairi yao. Kwa gari la namna hiyo, kwenda 4.3 si kutafuta nguvu ya ziada. Ni kurudi karibu na pale kiwanda kilipoliweka.

Lazima niseme pia ambacho upande wangu hupenda kukificha. Kama spidomita ya gari lako inasoma mzunguko kutoka gia boksi, ukiongeza namba ya difu itahesabu kilomita nyingi kuliko ulizotembea. Anayetoka 4.1 kwenda 4.3 anapata kilomita za bure kama asilimia tano kwenye dashibodi, kisha anashangilia kwamba gari linakula kidogo. Aliyefunga matairi makubwa anapata kinyume chake na anailaumu injini. Pima umbali kwa simu, jaza tenki hadi juu mwanzo na mwisho, ndipo useme.

Kwa hiyo, kwa 1HZ ya matairi ya kawaida inayobeba mzigo zaidi ya nusu ya safari zake, ningeiacha 4.1 ilipo. Kwa ile ya matairi ya inchi 33 inayopanda milima, ningeweka 4.3. Kwa ya lami tupu, 3.9 inakubalika, mradi mwenye gari ajue anachokiacha.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha una nini, maana difu za mtumba huwa zimeshachanganywa. Kaza mawe magurudumu ya mbele, ondoa gia na breki ya mkono, inua gurudumu moja la nyuma na lingine libaki chini. Zungusha lililo juu mara mbili kamili, hesabu mizunguko ya propela shafti: ndiyo namba yako. Fanya hivyo na mbele. Pikapu ya kuvuta magurudumu manne ikiwa na 4.1 nyuma na 3.9 mbele itaonekana nzima hadi siku utakapounganisha magurudumu ya mbele kwenye ardhi ngumu, na hapo ekseli mbili zinashindana hadi kitu kikatike. Ukinunua, nunua zote mbili kwa pamoja, na ikiwezekana zilizotoka kwenye gari moja.