Kila Kitu Kinapita, Kikao cha Video Hakipiti

Mtandao ukikatika kabisa sina neno, nafunga kompyuta natoka zangu. Kinachonitia hasira ni huu wa nyumbani hapa Nyegezi, Mwanza: YouTube inacheza, WhatsApp inaingia, ila nikifungua kikao cha video naona midomo ya watu inacheza tu. Sauti inakuja baadaye, yote kwa mkupuo, wakati mada imeshahama.

Wala si uchawi. Sauti na picha za vikao hupendelea kusafiri kwa UDP, njia ya kutuma data isiyosubiri pakiti (kipande cha data) iliyopotea. Zoom hutumia poti (milango ya data yenye namba) 8801 hadi 8810, Teams 3478 hadi 3481. Fayawoli ya ruta, yaani mlinzi wake wa mlangoni, ikizifunga, programu inakimbilia TCP, njia nyingine ya kutuma data, kwenye poti 443, ile ya kurasa za kawaida. Sasa TCP ikipoteza pakiti moja inang'ang'ana itumwe upya, na zilizo nyuma zinapanga foleni kama magari yaliyosubiri kivuko pale Kigongo kabla daraja halijajengwa.

Dawa yake ni ndogo: ruhusu UDP itoke kwenye poti hizo, majibu yatarudi kwa njia ileile. Huhitaji kuifungulia dunia nzima. Lakini nenosiri la msimamizi wa ruta (niliyoinunua kwa hela yangu!) analo fundi aliyekuja kuiweka, na fundi hapokei simu.

Huduma kwa wateja nao wimbo wao ni mmoja: "Zima, subiri kidogo, washa." Swichi imeshalegea. Nikiwatajia UDP, dada wa watu ananyamaza, halafu: "Samahani kaka, kwani YouTube haichezi?"

Inacheza, dada. Inacheza vizuri sana.